Nguo ya Kompyuta

"Weka huo mkasi chini."

"Nimeshauweka."

"Umeuweka mfukoni. Chini ni hapa mezani, niuone kwa macho yangu."

"Baba, hii mashine inakufa. Unataka nifanye nini, niiimbie?"

"Imba. Cheza na ngoma kabisa. Lakini hicho kitambaa hukati."

"Basi itakufa na kitambaa chake."

"Na wewe utakuwa umeshindwa, si ndiyo? Fundi mzima."

Nikatoa mkasi mfukoni nikaubwaga mezani, karibu na kipanya. Baba akauchukua, akauweka kwenye kiti, akaukalia. Nasema kweli, mzee wa mvi anakalia mkasi kama mtoto anayeficha peremende. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Akageukia ukuta. Sijui alikuwa anacheka au analia. Nyumba yetu siku hizi huwezi kujua.

Kompyuta ya kwetu ni ya mezani, ya zamani, lile boksi kubwa limekaa kwenye meza ya pembeni ya sebule, kati ya dirisha na kabati. Mimi ndiye niliyeileta. Shule niliacha mapema, na sababu nisiulizwe, nikaenda kukaa kwenye kibanda cha fundi wa simu na kompyuta. Mashine hii niliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye maiti za mashine nyingine: diski ya hii, feni ya ile, boksi tulilookota nje ya ofisi iliyokuwa inahama. Baba alipoiona alisema ni takataka zilizooana.

Mama akamjibu, "Hata sisi tulianza hivyohivyo, mzee."

Mama ndiye aliyeipenda. Niliiwekea mchezo wa gololi, mchezo wa bure tu. Gololi za rangi zinadondoka kutoka juu, unazipanga, zikikutana za rangi moja zinapasuka kwa cheche na mwanga. Zikijaa mpaka juu, umekwisha. Hapo skrini inakuwa nyeusi na linatokea jina la bingwa. Moja tu. Aliyeutengeneza mchezo ule alikuwa na roho ngumu: wa kwanza ndiye mtu, wengine wote hawakuzaliwa.

Jina lililokuwepo lilikuwa KIBOKO YENU. Mama aliliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama anayechambua mchele, na alipomaliza akanyanyuka akazunguka sebule nzima mikono juu. Baba hakuwahi kumfikia hata robo. Akikaa kucheza, Mama anasimama nyuma yake: "Sogeza ya bluu. Ya bluu, babu wewe, hiyo ni kijani!" Na Baba akibahatika kupasua nyingi kwa mpigo, Mama anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo! Umeiba!" mpaka majirani wanachungulia.

Kitu kimoja tu alikuwa hakitaki. Baba akichoka akaziachia gololi zijae makusudi ili mchezo uishe, Mama alikuwa ananuna kweli. "Usinipe," anasema. "Ninyang'anye." Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Karata, mbio za kuwahi kiti cha dirishani, chochote. Kumwachia mtu ashinde ilikuwa sawa na kumtukana.

Halafu akaugua.

Alipokosa nguvu za kutoka nje, alikuwa anakaa kwenye kiti cha kompyuta na uzi wake. Mama alifumia kila kitu nguo. Redio ilivaa, friji ilivaa, hata rimoti ya televisheni ilikuwa na soksi. Lakini kwa kompyuta hakupima wala hakufumia pembeni. Alifumia juu kwa juu, mashine imekaa palepale, akaanzia chini kabla hata hajaugua, akawa anazunguka na kupanda. Waya za nyuma akazifuma humohumo, kila waya na tundu lake linaloubana shingo. Mbele akaacha kijitundu cha kidole, cha kuwashia. Rangi ya maziwa, ukingo wa zambarau. Siku aliyofunga fundo la mwisho, juu kabisa katikati, akaligonga kwa kidole na kusema, "Haya, mtoto kavaa. Vumbi likae mbali na mwanangu."

Kesho yake tukampeleka hospitali. Tukarudi bila yeye.

Sasa mnaelewa habari ya mkasi. Nguo ile haina zipu, haina kifungo, haina mlango. Huwezi kumvua mtu nguo aliyoshonewa mwilini.

Baada ya msiba Baba akaanza kucheza gololi kila alasiri. Mwanzoni alikuwa anakwisha upesi, skrini inakuwa nyeusi, jina linatokea. Anatazama KIBOKO YENU, anatikisa kichwa. "Haya, umeshinda tena," anasema, anazima, anakwenda kuoga. Ikawa ndiyo salamu yake. Dada na mimi tukikutana jikoni tunaulizana kwa sauti ya chini, "Ameshamsalimia?"

Lakini mtu akicheza kila siku anajua. Hata Baba. Michezo yake ikaanza kuwa mirefu, na mashine ikaanza kumkatikia katikati. Gololi zinaganda hewani, skrini inakuwa nyeusi tupu, na ndani ya boksi kimya. Jina hakuna. Anasubiri, anaiwasha tena, anaanza upya, inakatika tena. Akawa hamwoni.

Dada akamwambia, "Baba, si ukubali tu kupoteza haraka, jina litokee?"

Baba akamkazia macho. "Nimpe?"

Dada hakurudia.

Mtajua hali ilikuwa mbaya mkisikia alivyonijia. Baba alikuwa hajawahi kukanyaga kibanda chetu. Kwake yeye ni mahali nilipoyatupa maisha yangu. Siku hiyo nainua kichwa, namwona amesimama nyuma ya mama mmoja mwenye simu iliyotumbukia majini, amepanga foleni kama mteja. Zamu yake ikafika.

"Fundi," akasema, "nina mgonjwa nyumbani."

Hakunitania. Nilitafuta utani usoni kwake sikuuona. Nikafunga begi la vifaa, nikatoka naye.

Nilianza na vya nje, kwa sababu ndani hakuingiliki. Nikabadilisha plagi ya waya wa umeme. Bado. Nikaihamishia kwenye soketi nyingine. Bado. Nikasafisha virusi, nikapima kumbukumbu ya mashine, nikapima diski, zote nzima. Nikapiga windo upya, yaani nikaiwekea programu yake kuu toka mwanzo, nikiulinda ule mchezo kama yai mfukoni. Kila nikimaliza hatua Baba anakaa, anacheza, tunasubiri wote watatu tumeshika pumzi, halafu gololi zinaganda.

"Bado," anasema Baba, bila hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Mimi si mtu wa kutulia. Mama aliniita Chapchap tangu natambaa. Lakini kwa mashine hii nilitulia mpaka nikajishangaa. Mwisho nikaweka kiprogramu kidogo kinachoonyesha joto la ndani, tarakimu inakaa kwenye kona ya skrini. Baba akacheza. Nikaiona inapanda. Gololi zinapasuka, inapanda. Cheche, mwanga, inapanda. Nikaweka kiganja juu ya kitambaa cha Mama nikakitoa haraka. Kama pasi iliyotoka kuzimwa.

Mashine ilikuwa haina ugonjwa wowote. Ilikuwa haipumui. Inajizima yenyewe ili isiungue, na huko ndani feni inazunguka bure, inavuta uzi badala ya hewa.

Nikafungua dirisha. Nikaleta feni ya chumbani nikaielekeza pale. Nikainua boksi juu ya vipande vya tofali. Ikachelewa kidogo kufa, basi. Ndipo nikaenda kuchukua mkasi.

"Jana ulisema ni umeme," Baba akaniambia, amekalia mkasi wake. "Mara virusi. Mara diski. Leo ni mama yako."

"Sijasema ni Mama."

"Umesema kitambaa."

"Kitambaa ndiyo."

"Nani alikifuma?"

Nikageukia boksi.

"Yaani alichokifuma yeye ndicho kinachoua. Sema. Wewe si huwa unajidai husemi nusunusu?"

"Ndiyo," nikasema. "Hicho ndicho kinachoua."

Nilitaka kuyarudisha, yalishatoka. Baba akatazama mikono yake. Feni ya chumbani ikawa inageuka huku na huku ikipepea pazia, inapuliza kila mtu kwa zamu.

Dada ndiye aliyekuja. Akatoa kitambaa cha vyombo begani, akapiga magoti mbele ya boksi, akapapasa lile fundo la juu.

"Nyie wanaume wawili hamna akili," akasema. "Hiki hakikatwi. Kinafumuliwa."

"Ndiyo nini?" nikauliza.

"Unaanzia alipomalizia. Unafungua fundo, unavuta. Uzi unatoka wote, hakuna hata nywele moja inayokatika. Halafu nitakufumia kingine, Baba. Chenye mlango."

"Haitakuwa mikono yake," Baba akasema.

"Hapana. Lakini uzi utakuwa uleule alioushika."

Baba akapumua kwa pua, kama anavyofanya akipanda ngazi. Halafu akasimama.

"Nifungue mwenyewe," akasema.

Lile fundo lilikuwa gumu. Mama alilikaza kama mtu anayejua hatarudi kulikaza tena. Baba akajaribu kwa kucha, kucha hazikuwa na makali. Akainama kwa meno, Dada akamvuta bega: "Utaacha meno humo." Akaenda kuleta sindano ya Mama ya kufumia, ile ya ndoano, na Baba akalichokonoa kidogokidogo mpaka fundo likalegea. Akavuta. Kitanzi kikafunguka, na kingine, na kingine, kwa kasauti kadogo, trrr. Dada anakunja uzi kuwa mpira, mimi nimeshika waya zisianguke.

Safu za juu zilikuwa ovyo. Matanzi makubwa, madogo, mengine yameruka. Baba akawa anazijua.

"Hapa alikuwa hawezi tena kushika kijiko," akasema. Trrr. "Hapa ni ile homa." Akavuta safu kadhaa zilizobana kama ngumi. "Hapa alikuwa amenikasirikia. Nilimkatalia kwenda uani."

"Ulimkatalia kweli?" Dada akauliza.

"Kulikuwa na upepo."

Tukawa tunashuka. Na kadiri tulivyoshuka, safu zikawa zinanyooka. Nilikuja kuelewa polepole, mimi na kichwa changu kigumu: tulikuwa tunamrudisha Mama nyuma. Kutoka alipokuwa hoi, kwenda alipokuwa anaumwa tu, kwenda alipokuwa anachoka jioni na kusema ni joto. Chini kabisa, kwenye ukingo wa zambarau, matanzi yalikuwa sawasawa kama yamepigwa rula.

"Hapa alikuwa mzima," Baba akasema.

Akaacha kuvuta. Dada akasubiri na mpira wake, hakumharakisha. Hata mimi sikumharakisha. Halafu akavuta, zambarau ikaisha, kitanzi cha mwisho kikaachia, na mkononi kwake hakukuwa na kitu ila ncha ya uzi.

Boksi likabaki uchi. Nilikuwa nimesahau rangi yake. Nikafungua ubavu, na kwenye feni kulikuwa na manyoya ya uzi yamejikusanya kama kifaranga. Nikayatoa, nikapuliza, nikasafisha, nikapaka dawa mpya ya kupunguza joto, nikafunga. Kazi ile niliifanya vizuri, na niliifurahia. Siwezi kusema uongo. Nikawasha. Tarakimu ya joto ikakaa chini, imetulia kama mtu aliyelala.

"Haya, mzee," nikasema. "Kaa. Leo unacheza mpaka mwisho."

Baba akakaa, akaruka. "Mama yangu!" Ulikuwa ni mkasi wake mwenyewe. Akageuka anajishika, anautazama kama nyoka, na Dada akacheka mpaka akakalia sakafu. Mimi mbavu sina. Baba naye akaanza, kwanza mabega, halafu na sauti. Tulikuwa hatujacheka sebuleni humo tangu nguo ile ilipofungwa fundo.

Basi akacheza.

Dada alisimama upande wa dirisha na mpira wa uzi. Mimi nikasimama nyuma ya kiti. Kidogo tu nikajikuta napiga kelele, "Ya bluu! Sogeza ya bluu!" na Baba anajibu bila kugeuka, "Naiona, naiona, kelele!" Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Gololi zinadondoka kwa kasi ambayo mimi ningeshachanganyikiwa, yeye anazipanga, zinapasuka, anazipanga. Tulipita pale ilipokuwa inakatikia zamani. Tukapita mbali. Macho yangu yalikuwa kwenye kona ya skrini, kwenye joto. Halipandi. Cheche kibao, halipandi. Nilikuwa najisikia kama nimejenga daraja.

Pointi zilikuwa kona ya pili. Sikuziangalia hata mara moja. Fundi anaangalia joto.

Mwisho gololi zikamzidi. Zikajaa, zikafika juu, skrini ikawa nyeusi. Baba akaegemea kiti, akafuta mikono kwenye suruali, akajiweka sawa kola. Dada akasogea. Tukainama wote watatu tumwone.

Ikapasuka fataki. Nyekundu, njano, na kamuziki ka hovyohovyo. Halafu maandishi ya hongera, na chini yake kisanduku kitupu na kimstari kinachowaka na kuzima.

"Nini hiki?" Baba akauliza. "Jina liko wapi?"

Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma tena.

"Umemshinda, Baba."

"Nani?"

"Mama. Umepita pointi zake. Inataka uandike jina lako."

"Na lake?"

Mchezo ule nafasi ni moja. Alikuwa anajua kama ninavyojua.

Mpira wa uzi ukamtoka Dada mkononi, ukabingirika chini ya meza. Baba akageuza shingo, akaangalia nyuma ya kiti, pale pa kusimama Mama. Nilikuwepo mimi. Akanitazama na uso ulio wazi kabisa, kama anasubiri jambo.

"Sema basi," akasema.

"Niseme nini?"

"Sema nimeiba. Yeye angesema nimeiba."

Nikajaribu. Walahi nilijaribu. "Mwizi," nikasema. "Umeiba, Baba." Ikatoka kama mtu anayesoma kibao barabarani.

"Hapana," akasema polepole. "Sivyo alivyokuwa anasema."

"Baba, andika Kiboko Yenu humo," Dada akasema, sauti imeshakatika. "Ni herufi tu. Hakuna atakayejua."

"Nimpe?"

Dada akaziba mdomo kwa kiganja.

"Naweza kulirudisha," nikasema, na nikaanza kuongea haraka, chapchap, kama kawaida yangu. "Kuna faili lake, pointi zinakaa humo, nalifungua naandika jina, naandika pointi zilezile, haichukui muda, Baba, inakuwa kama haijawahi..."

"Najua unaweza, mwanangu." Akanigusa mkono. "Wewe ni fundi."

Maisha yangu yote nilitaka aniambie hivyo bila mzaha. Akaniambia. Ningefurahi kama angenizaba kofi badala yake.

"Mashine imepona," akasema. "Ahsante. Ila miaka yote ile nilikuwa nataka nimshinde ili nione atafanya nini."

Akainuka. Akainama chini ya meza kwa taabu, akautoa ule mpira wa uzi, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati. Kimstari kilikuwa kinawaka na kuzima ndani ya kisanduku, kinasubiri jina. Hakukitazama tena. Akatugeuzia mgongo, akaenda zake chumbani, na ncha ya uzi ikawa inamfuata sakafuni, ikapita juu ya kidole cha mguu wangu, ikakata kona ya mlango.